Rubani Aliyezunguka Mpakani

Sogeeni karibu, wapendwa, maana leo nina furaha kubwa na sauti yangu ni ndogo.

Kulikuwa na rubani mmoja wa ndege ndogo ya wagonjwa. Kwa miaka ishirini alisafiri kati ya nchi mbili jirani. Nchi hizo zilikuwa zimegawana anga kama ndugu wanavyogawana shamba la marehemu baba yao. Kila moja ilikuwa na waongoza ndege wake na taratibu zake. Ndege ikifika mpakani, ilibidi izunguke juu ya mlima mmoja, ikingoja upande wa pili useme, "Ingia." Siku nyingine rubani alizunguka mpaka akayajua mabati ya kila nyumba iliyokuwa mlimani pale.

Basi serikali zile mbili zikakaa, zikapatana. Anga iwe moja. Utaratibu uwe mmoja. Waongoza ndege wapokezane ndege wao kwa wao kabla haijafika mpakani, nayo ipite moja kwa moja. Waraka ukatolewa. Rubani wetu akausoma, akatia sahihi, akampigia mkewe simu akishangilia. Jamani, nani asingeshangilia?

Siku ya nne ya utaratibu huo mpya akambeba mama aliyetoka kujifungua, damu haikatiki. Hospitali yenye damu ya kumwongezea ilikuwa ng'ambo. Muuguzi alipiga magoti kando yake, amemshika mkono.

Wakafika mpakani. Rubani akafanya nini? Akainamisha bawa, akaanza kuzunguka.

"Rubani," muuguzi akaita, "mbona nauona mlima ule ule mara ya tatu?"

"Tulia, dada. Ndivyo tunavyofanya hapa. Hawajawahi kuniruhusu kabla ya mzunguko wa sita."

"Huyu hana mizunguko sita!"

Hapo redio ikaita. Alikuwa mwongoza ndege wa ng'ambo, mwanamke, ambaye alikuwa akiitazama ile ndege kwenye kioo chake cha rada akistaajabu.

"Ndege ya mgonjwa, una hitilafu gani?"

"Sina hitilafu. Nasubiri mnifungulie mpaka."

Yule mwanamke akakikagua kioo chake tena.

"Kaka, mpaka gani? Njia yako iko wazi tangu uliporuka. Gari la wagonjwa limeshawasha injini huku, wewe unazunguka nini? Nyoosha, uje!"

Mnasikia, wapendwa? Wazi tangu aliporuka! Yule mama alipona, Mungu asifiwe. Lakini aliponea chupuchupu, na alikaribia kufa mahali ambapo hapakuwa na mlango wowote uliofungwa.

Na sisi je? Mwezi wa kwanza sharika zetu mbili, wa juu na wa chini, zilifanywa usharika mmoja. Tuliimba, tukachinja ng'ombe. Sasa tazameni mlivyokaa. Watu wa juu dirishani, watu wa chini mlangoni. Kwaya ni mbili bado, na kila moja inangoja nyingine ije kuomba kuungana nayo. Nani amewazuia?

Sinyooshi kidole kwenu peke yenu. Mwezi wa tatu nilipomzika mke wangu, mama Ndeshi, watu wa usharika wa juu walikuja, wakasimama nje ya lango langu, wakingoja kukaribishwa. Mimi nilikuwa ndani, nikingoja waingie. Lango lilikuwa wazi. Kutwa nzima lilikuwa wazi! Jioni wakaondoka, nami nikalala nikiwalaumu. Nimelijua jambo hili juzi tu, mzee wao mmoja aliponieleza. Tulicheka, kisha tukalia.

Ndiyo maana leo nina furaha. Bwana wetu alikwisha kuuvunja ukuta wetu pale msalabani. Hatumwombi afungue. Amefungua! Yuko ng'ambo anatuita, anatuuliza tunazunguka nini.

Basi sitasema "tuombe" bado. Simameni. Wa dirishani njooni mlangoni, wa mlangoni nendeni dirishani, kila mmoja amshike mkono mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwake. Mimi naanza. Mzee uliyesimama nje ya lango langu, uko wapi? Usisogee. Nakuja.