Nyati Alivyomsindikiza Bi Sange

Hapo zamani za kale, wakati nyati walipokuwa wakivaa kanzu na ngiri wakiajiriwa kulinda malango, palikuwa na msitu mdogo huko shamba. Mdogo kwelikweli. Ukipiga chafya upande huu, aliye upande wa pili anakuitikia "afya". Wewe unayesinzia hapo nyuma, keti vizuri, sirudii.

Katikati ya msitu palikuwa na bustani, na katikati ya bustani palikuwa na chemchemi. Kila mnyama alikunywa hapo. Kisha akaja Bwana Nyati, akaipenda bustani ile, akaitaka iwe yake peke yake. Akaizungushia ukuta wa mawe, akatia lango la mninga lenye komeo nene kwa ndani. Alipomaliza akalipiga lango kwa pembe, du! Halikutikisika.

"Shemeji," akamwambia Ngiri, mlinzi wake, "lango hili hata mimi mwenyewe siwezi kulivunja."

"Hongera, shemeji," akasema Ngiri. Ngiri alikuwa mtu wa kukubali kila kitu.

Ukaja ukame. Wanyama wakaenda langoni na ndoo na vibuyu vyao. Bwana Nyati akachungulia juu ya ukuta.

"Mmekuja kutembea au mmekuja kuomba?"

"Tumekuja kuomba maji, bwana."

"Basi nendeni zenu. Mgeni namkaribisha, namkirimu, namsindikiza. Mimi nimelelewa nikaleleka. Lakini mwombaji sina habari naye."

Na alisema kweli, msicheke. Kwa adabu za wageni hakuna aliyemfikia. Roho ndiyo hakuwa nayo. Watu wa namna hiyo mnawajua, ila msinitajie majina, tutagombana na majirani.

Sasa, chini ya mizizi ya msitu ule alikaa Bi Sange, mdogo kama panya, mwenye pua ndefu na miguu isiyotulia. Kazi yake kila asubuhi ilikuwa kufagia vijia vyake, jani moja halibaki, ili akifukuzwa akimbie bila kujikwaa. Vijia hivyo vilipinda, vikapindana, vikarudi vilikotoka. Yeye peke yake alivijua.

Bi Sange alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kipini. Siku hiyo Kipini hakuamka kucheza. Alilala ubavu, midomo imemkauka.

"Mama," alisema, "hata mate sina."

Bi Sange akamgusa paji la uso, akalikuta la moto. Akaogopa sana. Lakini hakulia, maana hata kulia kunataka maji.

Akaenda mbio kwa majirani zake, Kwale na Tumbili. "Mbebeni mwanangu, waiteni na wengine, mjifiche karibu na lango la Nyati. Mkisikia nakanyaga chini ta-ta-ta, ingieni. Wote mkishakunywa, Tumbili funga komeo, na wewe Kwale piga kelele zako."

"Na lango atatufungulia nani?" akauliza Tumbili.

"Mwenyewe," akasema Bi Sange.

Akajikung'uta vumbi, akajifunga leso yake ya sikukuu, akashika njia. Hakubeba ndoo, hata kikombe hakubeba.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bwana Nyati akachungulia. "Nani? Umekuja kutembea au umekuja kuomba?"

"Shikamoo, bwana. Niombe nini mimi? Nimesikia mna bustani isiyo na mfano wake, nikajiuliza, hivi nife sijaiona?"

"Marahaba, marahaba," akasema Nyati, masikio yakimcheza. "Shemeji, fungua. Tuna mgeni wa maana."

Kriii, lango likafunguka. Ndani mlikuwa na mikomamanga, mchicha, mirihani iliyonukia, mlimau ulioegemea ukuta, na maboga yamelala chini kila mahali. Na pale katikati chemchemi ikibubujika, bwi-bwi-bwi. Nyati akamzungusha mgeni akimweleza jinsi alivyopanda kila mti, hata ile mikubwa iliyokuwapo kabla babu yake hajazaliwa.

"Mashallah," akasema Bi Sange kila waliposimama. "Mkono wako una baraka."

Akaletewa maji kikombe kizima. Alipoonja akamkumbuka Kipini. Akanywa mpaka tone la mwisho. Alijua ana maneno mengi ya kusema mchana ule.

Baadaye akaaga.

"Kwangu mgeni hatoki mikono mitupu," akasema Nyati. "Chagua zawadi."

Najua, wewe hapo ungechagua maji. Ungepewa kibuyu kimoja, na kesho ungerudi kuomba, na wenzako wasingepata hata tone. Bi Sange alitazama huku na huku, akanyoosha kidole kwenye boga kubwa kuliko yote, kubwa kupita nyumba yake.

"Lile pale, bwana, ukiniruhusu."

"Utalibebaje?"

"Hilo ndilo sijui. Nitalisukuma hivyo hivyo. Wakiniuliza njiani, nitawaambia Bwana Nyati alinipa zawadi, akaniacha nihangaike nayo."

"Usithubutu," akasema Nyati. "Shemeji, beba boga."

"Na lango, shemeji?"

"Lango lina miguu ya kukimbilia? Tunamsindikiza mgeni, tunarudi."

Wakatoka, mbele Bi Sange, nyuma Nyati, nyuma kabisa Ngiri na boga kichwani. Lango wakaliegesha tu, kwa kuwa komeo lake lilikuwa kwa ndani.

Na kusindikiza, wanangu, kuna ada yake. Mwenyeji hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Basi, rudini." Anayegeuka kabla ya hapo amemfukuza mgeni. Bi Sange aliijua ada hiyo, na Nyati aliijua zaidi.

Walipoingia kijia cha kwanza, Bi Sange akasimama akakanyaga chini kwa nguvu, ta-ta-ta!

"Kulikoni?" akauliza Nyati.

"Mguu umekufa ganzi, bwana. Umeshapona. Ulikuwa unanieleza habari za mlimau."

Nyati akaendelea na mlimau. Wakapinda kulia, wakapinda kushoto, wakazunguka. Jua likawaka. Jasho likamtiririka Ngiri mpaka kwenye pembe za mdomo.

"Bi Sange," akasema Nyati kwa upole, "nadhani kwako si mbali sasa?"

"Si mbali hata kidogo. Au umechoka? Sema tu, bwana. Nitawaeleza watu kwamba ulichoka, watakuelewa."

"Nichoke mimi? Twende."

Wakaenda. Ngiri akaita kutoka nyuma, "Shemeji, kichuguu hiki tumekipita."

"Vichuguu vyote hufanana."

"Hiki nilikiegemezea boga, na alama ile pale."

"Basi ulikosea wewe kukiegemezea," akasema Nyati, ulimi umeanza kuning'inia. Sasa hata habari za mlimau zilikuwa zimemwisha.

Mara wakasikia sauti ya Kwale, "Kwa-re! Kwa-re! Kwa-re!"

Bi Sange akasimama, akageuka, akatabasamu. "Basi, rudini. Ahsanteni sana. Boga litueni hapo hapo."

"Hapa? Kwani kwako ni wapi?"

"Pale mizizini. Tumepapita mara nyingi, bwana, ila ulikuwa unazungumza vizuri, sikutaka kukukatiza."

 Nyati akakumbuka lango, akatoka mbio, kanzu imepandishwa magotini, Ngiri nyuma yake na boga bado kichwani, maana shemeji yake hakumwambia alitue. Bi Sange naye akawafuata.

Nyati akalisukuma lango. Limefungwa. Akalipiga pembe, du! Akalipiga tena, du! Halikutikisika.

"Fungueni!"

Kutoka ndani ikajibu sauti nyembamba. "Nani? Umekuja kutembea au umekuja kuomba?"

Ilikuwa sauti ya Kipini, tena imejaa maji. Bi Sange alipoisikia, miguu ile isiyotulia ikatulia, akaketi chini. Hapo ndipo alipolia.

"Mimi ndiye mwenye bustani!" akanguruma Nyati.

"Mwenyeji huwa ndani, ndiye anayeitikia hodi," akasema Tumbili kutoka upande wa pili. "Aliye nje ni mgeni, na mgeni mwenye adabu havunji lango la watu. Tunakuuliza, kutembea au kuomba?"

"Shemeji," akasema Ngiri, "si ulisema mwenyewe lango hili..."

"Nyamaza."

Nyati akameza mate, akakuta hana. Mchana kutwa alikuwa ametembea juani akisema. Alisikia chemchemi ndani, bwi-bwi-bwi, akainamisha kichwa chake kikubwa.

"Kuomba," alisema polepole.

"Hatujasikia, babu," akasema Kipini.

"Nimekuja kuomba maji."

Kriii, lango likafunguka. Kipini akatoka na kikombe, amekishika kwa mikono miwili kisimwagike. "Karibu, babu. Siku hizi hapa mwombaji anakunywa kwanza."

Nyati akanywa yote. Ngiri akanywa, kisha akapewa ruhusa ya kutua boga. Likapikwa, likaliwa na wote, na Ngiri akala sehemu kubwa akidai ndiye aliyeujua uzito wake. Lango la mninga liling'olewa likawa benchi kando ya chemchemi. Na mgeni Nyati, siku ya tatu, akapewa jembe kama ada ilivyo, akaanza kupalilia mchicha. Hawezi kukataa, ana adabu.

Nami nimewasindikiza mpaka hapa, basi nendeni na neno hili: anayewafungia wenzake lango wakiwa na kiu, iko siku atabisha hodi kwa kiu ile ile.