Mwalimu Mshamu na Karatasi Iliyojishuhudia

Hapo zamani, katika mji wa Mwambani, palikuwa na mwalimu fukara aitwaye Mshamu, ambaye watu walimdhania punguani kwa sababu aliwafundisha wanafunzi wake kuuliza. Basi siku moja akafika mjini mgeni wa mbali asiye na dini, akawauliza wanafunzi wale wamejuaje kuwa Mungu yupo. Wakamjibu kuwa Kitabu kimesema. Akawauliza wamejuaje kuwa Kitabu ni kweli. Wakamjibu kuwa kimetoka kwa Mungu. Mgeni akatabasamu, akaenda zake.

Wanafunzi wakaona haya, wakamweleza mwalimu wao. Mshamu hakuwagombeza, akawaambia waipime hoja yao wenyewe. Binti mmoja, Mwanakombo, akafikiri kitambo, kisha akasema kuwa hoja ile ni kama ngamia wa kinu cha kukamulia ufuta, azungukaye kutwa asifike popote. Mwalimu akamsifu.

Habari zikamfikia Sultani Shekuwe, naye akaghadhibika mno, akidhani watoto wanafundishwa kukufuru. Akakifunga chuo cha Mshamu, akapiga mbiu: "Kuanzia leo, kila kilichoandikwa kikubaliwe kama kilivyo. Atakayeuliza ushahidi wake, na atoke katika mji huu kabla ya jua kutua." Mshamu akaitwa barazani aulizwe kama amesikia. Akainama, akasema amesikia na ametii.

Ikawa siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, Mshamu akaenda jikoni kwa Sultani na karatasi mkononi. Mpishi akaisoma, akajikuna kichwa, lakini kwa kuiogopa ile mbiu hakuuliza neno. Akampakulia sinia zima la pilau ya mbuzi, na Mshamu akalichukua hadi ukumbini, akaketi juu ya zulia la Sultani, akaanza kula bila haraka.

Sultani alipoingia pamoja na waziri wake, akasimama mlangoni akamtazama mtu yule anavyolamba vidole. Akataka kujua ni nani aliyempa chakula kile. Mshamu akamnyoshea karatasi, nayo imeandikwa hivi: "Chakula cha mchana cha Sultani ni haki ya Mshamu. Karatasi hii haisemi uongo."

"Ni nani ashuhudiaye kuwa maneno haya ni kweli?" akauliza Sultani.

"Karatasi yenyewe, bwana wangu. Soma mstari wa pili."

"Ewe mpumbavu, karatasi haiwezi kujishuhudia. Nipe ushahidi mwingine."

Waziri, mzee mpole, akakohoa. Akamkumbusha bwana wake kwa sauti ya chini kuwa ameuliza ushahidi wa kilichoandikwa, na kwamba ni vema mizigo ifungwe mapema, maana jua halimngoji mtu. Sultani akatazama dirishani, akatazama sinia, akaona jinsi alivyojifunga kwa mbiu yake mwenyewe. Akashikwa na kicheko hata kilemba kikamlegea.

Alipotulia, akaketi kando ya sinia, akauliza: "Nambie kweli, Mshamu. Wewe humwamini Mungu?"

"Namwamini, bwana wangu, na Kitabu nakisoma kila alfajiri. Sisi tukiaminio, neno lake latutosha. Lakini yule mgeni hakiamini. Kumwambia kuwa Kitabu ni kweli kwa kuwa Kitabu kimesema, ni kumpa karatasi kama hii yangu. Nataka wanafunzi wangu waanze na lile ambalo wao na yeye wote wanaliona, kisha waipime kila hatua, hata ile inayowapendeza."

Sultani akala matonge mawili. Kisha akaifuta mbiu, akakifungua chuo, akampa Mshamu nyumba ya mawe karibu na msikiti, na kwa ajili yake mwenyewe akaomba nafasi mkekani pamoja na wanafunzi.

Basi Jumamosi akaenda chuoni, akavua viatu, akaketi miongoni mwa wanafunzi. Akatoa hoja ya kuwa Mungu yupo, aliyoitunga wiki nzima, kwa sauti ya kisultani. Mwanakombo akaisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, kisha akamwonyesha mahali palipovuja. Wasemao husema kuwa Sultani alirudi kwake siku ile akitembea polepole, midomo ikimchezacheza, na mkewe alipomuuliza ana nini, akamjibu asimsemeshe kwanza, anaitengeneza hoja yake.