Ndoo ya Wifi Mwamini

Aagaye mtaa mzima hulala kwake. Umecheka, Tausi, na Sudi naye kacheka kwa kuwa dada yake kacheka. Nyinyi mmeisikia leo. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, hapa hapa Ujiji, tena nikiwa nimeinua mikono juu. Weka hilo begi chini unisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Wifi yangu Mwamini, dada wa babu yenu Hilali, alikuwa na mtoto mmoja tu, Aziza. Aziza alipata kazi ya upishi katika meli ya watalii, zile meli kubwa zenye madirisha mengi kuliko shule. Mwaka wa pili ukawa unakatika, mama hajamwona mwana. Ndipo siku moja Aziza akapiga simu: meli yao itafika Dar es Salaam, na mkubwa wake amemruhusu ampandishe mama yake wasafiri pamoja hadi kisiwa cha Ngazija, kisha mama arudi kwa ndege. Baada ya hapo meli inakwenda Ulaya, na haijulikani itarudi lini pande hizi. Wifi alilia kwa furaha mpaka chapati zikaungua jikoni.

Aziza alimpangia kila kitu. "Mama, panda ndege siku moja kabla. Uwanjani Dar utamkuta dereva ameshika kibao chenye jina lako, atakupeleka nyumba ya wageni karibu na bandari. Ulale, asubuhi uje taratibu. Meli haimsubiri mtu."

Babu yenu aliposikia hayo akatikisa kichwa. Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakupitwa na jambo asilitengeneze, na likishatengenezwa naye haliendi tena.

"Akalale nyumba ya wageni, kwani hana kwao?" akasema. "Ndege ya asubuhi inafika Dar kabla ya adhuhuri, na meli inaondoka jioni. Hapo katikati mtu anaweza kuposa, akaoa na akaacha. Alale kwake, aondoke siku hiyo hiyo."

"Na ndege ikichelewa?" nikamuuliza.

"Ndege haipati pancha," akanijibu.

Rai yake ikapita, maana ndiye mkubwa wa ukoo. Dereva wa Dar akaambiwa aje siku ya pili yake. Na kweli ndege haikuchelewa, wajukuu zangu. Tuliochelewa ni sisi.

Mnajua kuaga kwetu. Mtu akisafiri bila kuaga, akirudi ataambiwa, "Kumbe ulikuwa hupo? Sisi hata hatukujua." Maneno hayo yanauma kuliko tusi. Nikamwambia wifi aage jana yake, tupumue. Babu yenu akakataa. Kuaga kwa jana, akasema, ni salamu tu. Mtu akilala nako kumevunjika, lazima aanze upya. Basi tulipotoka kuswali alfajiri tukaanza nyumba ya kwanza. Huwezi kuaga umesimama, unakaa. Ukikaa unaletewa chai. Ukimaliza chai unapewa mzigo wa ndugu yao aliyeko Dar: huyu dagaa, yule galoni la mawese, na Bi Chausiku wa nyumba ya pembeni akatoa jogoo mzima, yu hai, afikishwe kwa mwanawe Temeke. Kila nyumba tuliyotoka, wenyewe nao walitufuata kusindikiza. Tulipofika mwisho wa mtaa tulikuwa kama watu wa harusi, na wifi ananitazama kwa jicho la kuomba msaada. Mimi ningefanya nini? Nilikuwa nimeshika jogoo.

Gari la kutupeleka uwanjani lilikuwa limewaka tayari. Babu yenu akasema, "Jamani, tusimwache dada yangu aende bila dua."

Tukainua mikono. Alianza na Nabii Adamu. Akashuka taratibu, akawaombea waliotangulia, akawataja wazee wa Ujiji mmoja mmoja, mpaka wale waliokuwa na ugomvi naye. Dereva akakohoa. Babu yenu akadhani ni kikohozi cha kawaida, akamwombea afya. Alipofika kwenye safari yenyewe, tukasikia ngurumo. Akapaza sauti ili dua isimezwe, na sisi tukapaza "Amina" zetu. Ndege ikatupitia juu ya vichwa, tumbo lake jeupe tunaliona, ikaelekea Dar es Salaam.

"Hiyo ndiyo ndege yenu," dereva akasema.

Wifi Mwamini alikuwa bado ameinua mikono. Hakuishusha. Nilipomwona hivyo nikamkasirikia mume wangu kama sijapata kumkasirikia tangu anioe.

Tukarudi na mizigo yetu. Adhuhuri Bi Chausiku alipita barazani akamkuta wifi ameketi, akafurahi. "Umekwisha rudi, Mwamini? Jogoo alifika salama?" Jogoo mwenyewe akawika kutoka jikoni.

Jioni simu ikalia. Niliisikia sauti ya Aziza mpaka nilipokuwa nimekaa. "Mama, uko wapi? Nimesimama kwenye ngazi ya meli tangu mchana. Kila gari likija nasema ni wewe."

"Niko kwangu, mwanangu," wifi akasema. "Nimeaga mtaa mzima, na leo nalala kwangu." Kisha akalia, na mtoto naye akalia kule.

Aziza ndiye aliyenyamaza kwanza. Kesho, akasema, meli itashinda Unguja mpaka jua lizame, ndiyo nafasi ya mwisho. Angembadilishia tiketi: ndege ya asubuhi hadi Dar, hapo hapo uwanjani aunganishe nyingine ya Unguja, na gari limngoje huko. "Mama, ukiikosa na hii, mimi sijui tena."

Babu yenu akaja mbio kwa furaha. "Alhamdulillahi. Basi kesho alfajiri tunaanza nyumba ya kwanza. Si nilisema, mtu akilala kumevunjika?"

Wifi aliniangalia, nami nikamwangalia.

Alfajiri nikachukua ndoo yangu ya buluu. Tukaweka ndani gauni mbili, viatu na tiketi, tukafunika kwa kanga chafu na kipande cha sabuni juu yake. Wifi akajitwika, akatoka peke yake. Kila mlango ukawa unamuuliza, "Mwamini, si unasafiri leo?"

"Nakwenda kufua kwanza," anajibu, na mguu hausimami.

Bodaboda nilikuwa nimeipanga nyuma ya msikiti. Nilipomwona amepakia na ndoo yake mapajani, nikarudi nyumbani kuchemsha chai.

Babu yenu alikuwa amevaa kanzu. "Dada yuko wapi?"

"Kaenda kufua."

Akangoja. Mtaa wote ukaja ukangoja naye. "Kufua gani huku?"

"Nguo nyingi," nikasema, na ndege ikatupitia juu. Safari hii hakuna aliyeitikia Amina ila mimi.

Aziza alinisimulia mwenyewe. Bandarini Unguja watalii walikuwa wanapanda na mabegi yao ya magurudumu, mara akaona ndoo ya buluu inakuja juu ya vichwa vya watu. Alishuka ngazi zote kwa kukimbia, na kofia yake ya upishi ikaanguka baharini. Na siku hiyo hiyo, kabla hata ya kula, wifi aliomba maji akafua leso moja, asije akawa ameudanganya mtaa.

Aliporudi alipita kila nyumba akakaa, akanywa chai zote. Kurudi hakuna ndege inayokungoja. Babu yenu alinuna kwa wiki nzima, kisha akaomba aone picha za meli.

Haya, Tausi. Nimesikia mama yako anataka kesho asubuhi upite kwa shangazi zako wote kabla ya uwanja wa ndege. Ile ndoo iko nyuma ya mlango, na sabuni nimeshaweka. Ukiulizwa, unakwenda kufua. Na ukifika huko, ufue kweli hata leso. Mimi usiniage, tumeshaagana. Aagaye mtaa mzima hulala kwake.