Mbiu Isiyoshushwa

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, ya betri za gari na spika, Tusekile alishtuka usiku wa manane akasikia sauti yake mwenyewe ikimwita mwanawe.

"Subi! Subilaga! Njoo kwa mama!"

Sauti yake kabisa, na mkwaruzo wake wa mafua. Akashika mdomo. Ulikuwa umefumbwa.

Sauti ilitoka kilimani, kwenye lile pembe la mbao la spika. Na pembe halikuwa limeungwa waya.

Akapapasa kitanda, mtoto hayupo. Akawasha taa, akamwona Subilaga, mtoto wa miaka mitatu tu, amesimama mlangoni, amelala huku amesimama, kiganja kimegusa komeo. Na nyayo zake, jamani, zilikuwa na tope bichi. Na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Sasa sikilizeni ilivyoanza.

Kijiji chao kilikuwa juu kabisa, kwenye mashamba ya pareto, ambako ukungu hushuka mchana kweupe ukameza hata mkono ulioushika. Mtu akipotea, hupigwa mbiu, huitwa jina lake. Akipatikana, yule yule aliyeita lazima aishushe mbiu: asimame pale pale, aseme kwa mdomo ule ule, "Amepatikana. Kila mmoja arudi alikotoka." Ndipo watafutaji hurudi makwao. Mbiu isiposhushwa, walisema wakubwa, huendelea kuita. Inaita nini? Hapo waliongeza kuni motoni.

Masika mawili nyuma alipotea Ezekia, seremala. Wakamwita kwa spika ya kanisa, sauti ikafia kwenye korongo la kwanza. Ezekia hakurudi. Ndipo Lwitiko, fundi wa redio, akasema, "Yuniti ina nguvu za ng'ombe, ila mmeipa mdomo wa kuku."

Yuniti ni kile kichwa cha chuma chenye sumaku kinachokaa nyuma ya spika. Ndani yake mna ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na ngozi hiyo ndiyo inayosema. Mbele ya ngozi hiyo Lwitiko akachora pembe. Koo lake dogo kama kizibo cha soda. Urefu wake kushinda kitanda. Mdomo wake mpana kuliko mlango.

"Sauti ni mgeni mwenye haya," alieleza. "Ukimfungulia ghafla, anarudi ndani. Mfungulie kidogo, kisha mara mbili ya hapo, kisha mara mbili tena, mpaka ajikute nje bila kujua ametoka. Na huku mwisho kuwe na ukingo wa mbao uliojikunja kama ua, la sivyo sauti nzito itakatika mdomoni irudi kooni."

"Irudi ifanye nini?" aliuliza mke wa Ezekia, Mama Ambilikile.

"Izunguke humo humo."

Mama Ambilikile ndiye aliyebaki na randa ya mumewe. Akaranda mbao mwaka mzima, akazipinda kwa mvuke wa sufuria. Zilipopungua akavunja kitanda chake cha ndoa. Watu wakamcheka Lwitiko, "Fundi, hilo ni jeneza la tembo?" Hakujali. Yeye na Mama Ambilikile walikubaliana jambo moja tu: jina la kwanza kupita kwenye pembe lile litakuwa la Ezekia.

Kilibaki kipande cha mwisho, ule ukingo wa mdomo, kikikaushwa pembeni mwa jiko. Siku hiyo hiyo Tusekile aliinama kupalilia viazi, akainuka, mtoto hayupo. Ukungu mtupu.

Akaingia karakana mbio, kiatu kimoja. "Liwasheni! Mwanangu yuko ukunguni, liwasheni!"

"Mama Subi, mdomo bado," Lwitiko akasema. "Halijaisha."

"Wewe unaongelea mdomo! Mwanangu ana gauni jepesi tu, na baridi hii, na wewe unaongelea mdomo!"

Lwitiko akamtazama Mama Ambilikile. Kwa nini? Kwa sababu nafasi ya kwanza ilikuwa yake. Mama huyo akaziangalia zile mbao za kitanda chake. Kisha akasema, "Mwiteni mtoto."

Wakalibeba, wakalisimamisha kilimani, wakaunga betri. Tusekile akashika kipaza sauti, akaita. Sauti ikatoka kubwa, ya chini, ikavuka korongo la kwanza, la pili, la tatu. Akaita mpaka koo likachubuka. Na kumbe, ndani ya ukungu, kishindo cha vinyayo. Subilaga akatokea kwenye matuta ya viazi, anatembea taratibu, mkono mmoja umeinuliwa kama mtoto anayeongozwa na mtu mzima.

"Nani alikuleta, mwanangu?"

"Baba mwenye koti. Alinishika mkono. Akabaki pale kwenye viazi."

"Mbona hakuja nawe?"

"Kasema yeye hajaitwa."

 Tusekile alimfunga mtoto kifuani akakimbia nyumbani. Lwitiko akachomoa waya upesi, maana ngozi ya yuniti ilikuwa imeanza kukwaruza. Na Mama Ambilikile, aliyejua desturi kuliko wote wawili, alibaki amesimama peke yake akitazama matuta ya viazi. Hakumwita Tusekile arudi.

Hivyo mbiu haikushushwa.

Usiku ule pembe likaita. Usiku wa pili likaita, Subilaga akafika mlangoni. Usiku wa tatu ndio ule wa tope. Na kila pembe liitapo, majirani wa Tusekile waliapa, mtu hukohoa huko nje. Mara ya kwanza kikohozi kilitoka korongoni, kama mtu aliyerudi nyuma akaanza kusogea upya. Mara ya pili kilitoka shamba la pareto. Mara ya tatu kilitoka kwenye viazi.

Kulipopambazuka Tusekile akapanda kilima akapiga kelele kwa mdomo wake mtupu, "Amepatikana! Kila mmoja arudi alikotoka!" Ukungu ukanywa maneno. Mbiu ilipandishwa kwa pembe, lazima ishushwe kwa pembe. Akamwendea Lwitiko, Lwitiko akafungua yuniti, akakaa chini.

"Ngozi imepata ufa. Itasema mara moja tu."

"Nyingine?"

"Iko mjini, na barabara imekatika kwa mvua."

Mama Ambilikile aliposikia, naye akaidai mara hiyo moja, ikabidi waende kwa balozi wa nyumba kumi, Mbwiga, mtu mnene aliyevaa makoti mawili. Alasiri hiyo wakasimama wote kilimani, mbele ya ule mdomo mpana, na balozi akashika kipaza sauti mwenyewe asije mtu akakinyakua.

"Semeni mmoja mmoja," akasema. "Na msogee huku. Sipendi kusimama mbele ya kitu hiki, kinanipumulia shingoni."

Tusekile akaanza, maneno yanakanyagana. "Balozi, sauti ni yangu. Mbao zao, mchoro wao, sawa, lakini inayomwita mwanangu usiku ni sauti yangu. Anaamka anakwenda kwa mama, na mama si mimi! Leo alinitazama asubuhi akaniuliza, 'Wewe ni nani?' Nipe niishushe. Nimeipiga mimi, niishushe mimi, desturi ndivyo isemavyo."

"Ukiishusha utasema nini?" Mama Ambilikile akauliza kwa upole.

"Kila mmoja arudi alikotoka."

"Na Ezekia arudi alikotoka? Amefika kwenye viazi, mwanangu. Ndiye aliyemshika mkono binti yako. Amekuletea wako, kisha wewe umrudishe wangu korongoni?" Akamgeukia balozi. "Nafasi ya kwanza ilikuwa yangu, nikaitoa. Kitanda kilikuwa changu, nikakivunja. Sikudai kitu. Leo nadai jina moja. Niite 'Ezekia' mara moja, afike mlangoni."

"Mama," balozi akasema. "Masika mawili. Mtu aliyelala ukunguni masika mawili... una hakika kinachokohoa pale ni Ezekia?"

"Hata kama ni koti tu, ni koti langu."

"Ukiita jina la pili juu ya lile lisiloshushwa," Tusekile akalia, "mwanangu je? Ataitwa mpaka lini? Na wewe ulijua! Ulisimama pale ukajua sijaishusha, ukanyamaza!"

Mama Ambilikile akainamisha kichwa. "Nilinyamaza. Nilimsikia Ezekia anakohoa kwenye viazi. Wewe ungesema?"



Lwitiko akakohoa, wote wakaruka. "Samahani, ni mimi. Balozi, hawa wote wana haki, lakini hakuna mwenye dawa. Sauti ile haikukataa kushuka, imekosa njia. Mlilitoa pembe likiwa halina ukingo, na nusu ya sauti ikarudi kooni, inazunguka humo. Ukisema leo neno, la kushusha au la kuita, hilo nalo nusu yake itabaki. Kesho ukingo utakuwa umekauka. Nitaufunga, sauti itoke nzima. Ngozi ihifadhiwe mpaka kesho. Mchoro ni wangu, kosa nalijua mimi."

"Usiku mmoja zaidi?" Tusekile akasema.

"Mmoja."

"Fundi, tope lilikuwa miguuni jana. Leo litakuwa wapi?"

Na wakati bado wanabishana, jua lingalipo, ukungu ukashuka. Ukafunika nyumba, ukafunika viazi. Pembe likavuta pumzi, wote walilisikia, na waya ulikuwa mkononi mwa Lwitiko. "Subi! Subilaga! Njoo kwa mama!" Subilaga, aliyekuwa amelala mgongoni mwa Tusekile, akaanza kuifungua kanga iliyombeba, taratibu, kama mtu mzima. Na hapo chini kwenye matuta, karibu kabisa, mwanamume akakohoa.

Balozi akauchukua waya, akauunga. Akanyoosha kipaza sauti, akampa mmoja wao.

Alimpa nani, mimi nimeishia hapo. Mmoja alitoa sauti, na mtoto ni wake. Mmoja alitoa kitanda na zamu yake, na mume ni wake. Mmoja alitoa akili, na kosa analijua yeye. Neno limebaki moja. Je, nani alistahili kulisema?

Msinijibu kwa sauti, maana koo la pembe linalotupa sauti mbali ndilo hilo hilo linalosikia toka mbali. Njooni mmoja mmoja, mninong'oneze sikioni. Sitamwambia mtu mwingine.