Mchanganyiko Hauna Pembe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maghala na mashemeji, Kifaru alikuwa mtunza mbegu wa kijiji kizima. Haya, kaeni vizuri, maana mvua ya hadithi hii haisubiri mtu.

Mawingu yalipotanda, Digidigi alifika mbio mbio kuchukua ufuta wake. Akafunua kihenge. Lo! Ufuta, mtama na uwele vimekorogwa pamoja.

"Mzee Kifaru, mbegu yangu iko wapi?"

"Imo humo humo. Nilitaka nafasi, nikamimina zote kihenge kimoja. Hakuna punje iliyopotea."

"Lakini umezichanganya, mzee. Nikipanda hivi, mtama utausonga ufuta, na wanangu watalala njaa."

Kifaru akacheka, hoo hoo hoo. "Huo mchanganyiko ni mnyama gani? Una pembe? Una mkia? Nionyeshe niushike. Humu mna ufuta, mna mtama, mna uwele. Mchanganyiko ni neno tu la mdomoni."

Ngurumo ikalia, ngu-ngu-ngu. Digidigi hakutulia. Mara asimame, mara azunguke. Akichambua punje zile peke yake, msimu utampita.

"Umenishinda, mzee," akasema. "Basi niazime ghala lako la ndani niweke mchanga wangu wa kujengea, usilowe."

"Weka popote upendapo."

Akaingia na mchanga wake. Fyaa, fyaa. Haukupita muda, Mama Kifaru akapiga yowe. Ulezi wa kupikia pombe ya harusi ya binti yao ulikuwa umejaa mchanga.

"Umeniharibia ulezi," Kifaru akanguruma.

"Kwani umepungua, mzee?"

"Haujapungua."

"Mchanga umekula punje?"

"Haukula. Ila umechanganyika! Wageni wako njiani, tuwanyweshe mchanga?"

"Umechanganyika? Nionyeshe huo mchanganyiko niushike."

Majirani waliokuja kuchungulia wakainama kuficha vicheko.

"Haya, upo," Kifaru akanung'unika. "Upo, na unauma. Niondolee wangu."

"Niondolee wangu kwanza, mzee wangu."

Kifaru, mkewe na wanawe wakapiga magoti, wakachambua ufuta kwa ncha za midomo huku wakipiga chafya, jasho linawatiririka, mpaka ukaisha.

Digidigi akafunga ufuta wake, kisha akaingia ghalani akavuta jamvi alilokuwa amelitandika juu ya ulezi. Mchanga wote ukatoka nalo, pamoja na konzi moja ya ulezi aliyokuwa ameinyunyizia juu. Chini yake ulezi ulikuwa safi, haujaguswa.

Kifaru akakodoa macho. "Kumbe haukuchanganyika?"

"Haukuchanganyika, mzee. Ufuta wangu ulichanganyika kweli, ukasema mchanganyiko haupo. Ulezi wako haukuchanganyika, na bado umekutoa jasho."

Akatoka mbio kuwahi shamba, tone la kwanza likimdondokea mgongoni.

Hadithi yangu imefika nyumbani, wanangu: kitu kisiposhikika mkononi, usiseme hakipo.