Kilichoonekana Katika Damu ya Egidi

Msimu wa kuvuna kahawa ulipoingia kijijini Mapera, Egidi hakuwa na raha. Kifafa, ambacho vidonge vilikuwa vimekituliza kwa miaka, kilimrudia kwa kishindo. Alianguka shambani, akaanguka kanisani, kisha akaangukia mafiga, mkono ukaungua. Tangu hapo hakutulia. Akipewa uji aliunusa kwanza. Akisikia mnong'ono jikoni, alisogea kutega sikio.

Mwishowe shuku ilimwangukia mkewe, Lidia, kwa kuwa ndiye aliyemtunzia dawa. Egidi alidai mbele ya wakwe zake kwamba mwanamke huyo anampunja vidonge ili afe, arithi mibuni. Lidia hakubishana. Alisema tu waende hospitali Mbinga, damu iseme. Ikimtia hatiani, atarudi kwao Namswea.

Daktari Hafidha alichukua damu ya Egidi, yale maji yake ya manjano yakatengwa na kupelekwa maabara kubwa ya mbali. Huko kuna mashine inayoyasukuma pamoja na kimiminika katika mrija mwembamba, ikazitenganisha dawa zilizomo na kupima kila moja. Kungoja majibu kulikuwa kama kukalia siafu.

Siku ya majibu walikaa benchi moja wakipeana visogo. Daktari alisema dawa ya kifafa imo, ila kidogo mno.

"Si nilisema?" Egidi alidakia. "Ananipunja."

"Hapana. Mashine imeona na dawa ya kifua kikuu. Hiyo huufanya mwili uimalize ya kifafa upesi. Nani anakupa?"

Egidi aliinamisha kichwa. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa vidonge vyekundu vilivyofungwa kwenye leso. Alikiri kwamba alivipata zahanati ya Lundo, kule ziwani, kila alipoaga kwenda kununua dagaa wa usipa. Aliogopa majirani wasije wakajua ugonjwa wake, akamficha daktari, akamficha na mkewe.

"Kikohozi nilikisikia, Baba Wilfred," Lidia alimwambia mumewe taratibu. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Egidi alimwomba radhi palepale, na baadaye tena mbele ya wakwe. Daktari alimwongezea dawa ya kifafa, damu ikapimwa upya, maradhi yakatulia. Lidia alirudi naye Mapera, ingawa ufunguo wa kabati la dawa alimkabidhi autunze mwenyewe.

Egidi alimsaka adui jikoni, kumbe alimbeba kotini. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.