Hodi Tatu Mlangoni kwa Nyagoa

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kumcheza shere fisi. Ni zamani ya juzijuzi, maji yakiwa yamekwisha kutiwa mita na kila chumba kina kodi yake. Sogeeni. Na wewe uliyeegemea ukuta usinisinzie, maana mwishoni nitakuuliza.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nyagoa. Alifika Kitale kutoka Sudan Kusini na binti yake mdogo, Nyamal, na hofu moja. Hofu yenyewe ilikuwa ya mlango. Kule kwao, wakati wa vita, watu walibisha, mumewe akaitika, akatoka, na hakurudi tena. Tangu siku hiyo Nyagoa aliamini kwamba anayeitika ndiye anayechukuliwa. Akamfundisha binti yake: mlango ukibishwa, ingia uvunguni mwa kitanda, ziba mdomo, utulie.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, anajua hamna mtu, anakwenda zake. Asiyekuwapo na lake halipo. Nyagoa hakuijua desturi hiyo, wala hakuwa na Kiswahili cha kuiulizia. Msoma mita alipiga hodi, akaenda zake. Kundu, mtunza ploti ile ya vyumba vya kupanga, alipiga hodi, akaenda zake. Bili ikasukumwa chini ya mlango, na nyingine juu yake, na Nyagoa akaogopa hata kuzigusa.

Wa kwanza kumhurumia alikuwa jirani yake, Mama Sitawa. Huyu hakubisha, alisimama bombani akaliita jina la Nyamal kwa upole, siku baada ya siku, mpaka mlango ukafunguka. Akawa kinywa cha Nyagoa. Bili ikija, yeye ndiye aliyeisoma. Kodi ikifika, yeye ndiye aliyeipeleka. Kundu akipiga hodi, yeye ndiye aliyemjibu kutoka kibarazani kwake kwamba humo mna watu, awaache wapumue. Nyagoa akaanza kupata usingizi. Ila kinywa cha kuazima, mwenyewe akisafiri, husafiri nacho.

Wa pili alikuwa Mzee Ndiema, aliyekuwa mkalimani wa korti kabla ya kustaafu. Huyu hakuwa na huruma ya machozi. Alisema amewasemea watu maisha yake yote, na wengi amewaona wakifungwa huku wakiitikia kwa kichwa maneno wasiyoyaelewa. Yeye hamsemei mtu tena, Nyagoa atamfundisha ajisemee. Akamfundisha kila jioni, na bili ya maji ilipozidi kiasi, akamtuma ofisini peke yake. Alipofika dirishani akasema aliyofundishwa: "Mita yangu haikusomwa. Naomba ikasomwe." Karani akaandika, wala hakuna aliyemkamata. Alirudi nyumbani akatapika kwa woga, lakini alikuwa amesema.

Jambo moja tu alilikataa, kujibu hodi. Mzee akambembeleza, akamwonya, akachoka. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo wako wanaomlaumu: alimwita Nyamal pembeni, akamfundisha kwamba akisikia hodi aseme karibu, aseme niko ndani. Nyagoa alipogundua, alimwendea Mzee akiwaka, akamwambia kwa Kiswahili kilekile alichompa, "Usimfundishe mwanangu kufa." Akamkataza mtoto kukanyaga tena kibaraza cha Mzee.

Wa tatu alikuwa Mama Cherop, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji. Huyu hakumwuliza Nyagoa neno hata moja. Alikuwa na ng'ombe mweusi aliyempiga teke kila mkamuaji. Nyagoa, mtoto wa zizini, alimzunguka polepole, akamwimbia wimbo wa kwao, akamkamua mpaka ndoo ikajaa povu. Akaandikwa kazi palepale. Ila palikuwa na sharti: mtoto asiletwe zizini, kwa sababu mtoto wa watu akiumizwa na ng'ombe, hiyo ni kesi. Basi kila alfajiri Nyamal alibaki chumbani peke yake, Mama Sitawa akimsikilizia ukutani, na ile amri ya uvunguni ikawa bado ni amri.

Siku ikafika. Mama Sitawa alipata habari usiku kwamba mjomba wake amefariki huko Webuye na anazikwa kesho yake, akaondoka mbio bila kumuaga mtu. Pesa za maji za Nyagoa, alizopewa akalipe, zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la leso yake. Alisahau kuzilipa. Nyagoa naye, bila habari, alikwenda kazini akidhani ukuta una masikio kama kawaida. Alimwachia mtoto maharage juu ya jiko la makaa, dirisha wazi. Mvua ikanyesha. Nyamal ni mtoto mwenye adabu, akafunga dirisha.

Mnaona? Mimi naona, na kila nikifika hapa mwili unanisisimka.

Mwenye nyumba alikuwa ameagiza kwamba mpangaji asiyelipa maji, naye haonekani, chumba chake kitiwe kufuli. Kundu si mtu mbaya. Alipiga hodi. Kimya. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga hodi ya tatu, akatega sikio. Uvunguni, Nyamal aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kundu akatia kufuli, akampelekea mwenye nyumba ufunguo.

Kule Webuye, Mama Sitawa alifungua pindo la leso atoe rambirambi, akaziona zile pesa. Jeneza lilikuwa halijateremshwa. Aliondoka hivyo hivyo, ndugu zake wakimtazama kama mtu aliyetukana maiti. Alipofika ploti akaliona kufuli. Akapiga hodi, mara moja tu. Sauti ndogo ikatoka ndani, ya Kiswahili, imelegea: "Karibu. Niko ndani." Halafu ikanyamaza. Kundu hajarudi, na kufuli likakataa kuvunjika kwa jiwe, akaikimbilia simu.

Simu ilipolia zizini, yule ng'ombe mweusi alikuwa kwenye uchungu, ndama amekaa vibaya. Nyagoa alisikia kilio cha Mama Sitawa kikitoka kwenye simu ya tajiri wake. Maneno hakuyapata yote. Alilipata jina la mtoto. Mama Cherop alimtazama ng'ombe, akamtazama Nyagoa. Akachukua mtaimbo, akasema, "Panda gari."

Barabara nzima Nyagoa hakulia. Alikuwa akijiambia neno moja tu ndani kwa ndani: nilimfundisha kunyamaza, na sasa amenyamaza.

Mama Cherop alilivunja lile kufuli kwa mkono wake. Hewa ya makaa ikawapiga usoni. Mtoto alilala chini karibu na mlango, laini kama nguo iliyofuliwa. Hospitalini daktari aliuliza nini kimetokea. Mama Sitawa alikuwa amepotewa na sauti kwa kilio, na Mama Cherop alikuwa bado nje na gari. Aliyejibu ni Nyagoa mwenyewe. "Makaa. Dirisha limefungwa. Msaidie apumue."

Nyamal alipona. Ng'ombe alikutwa amekufa, na ndama wake tumboni.

Mngedhani hadithi imekwisha. Lakini Nyagoa alisema mtoto hatakaa tena peke yake, akampeleka shule. Mwalimu mkuu akamwuliza swali wanaloulizwa wazazi wote: siku ukikosa kuja, tumkabidhi nani mtoto huyu? Jina moja tu. Kwenu ninyi hilo ni swali dogo. Nyagoa, ambaye kila usiku aliwaza siku atakayochukuliwa kama mumewe, aliinuka kitini. Akaomba muda.

Habari zikawafikia wale watatu. Mama Sitawa akasema, "Niliacha kaburi la mjomba wangu wazi kwa ajili ya mtoto huyu. Nisingerudi, nani angebisha?" Mzee Ndiema akasema, "Ungebisha mpaka jioni. Aliyekujibu ni mimi, kwa mdomo wake." Mama Cherop akasema, "Mngebishana hapo na kufuli. Mimi nilimwacha ng'ombe wangu afe, na mnajua ng'ombe ni nini."

Nao wakalaumiana. Aliyesahau bili ni nani? Aliyemfundisha mtoto wa mwenyewe kinyume cha mamaye ni nani? Aliyekataza mtoto asifike zizini ni nani? Nyagoa aliwasikiliza, akaelewa kila neno, na akaona aibu kwamba lawama iliyo kubwa kuliko zote, yake mwenyewe, hawakuitaja, kwa kumstahi.

Akarudi shuleni peke yake. Alipoketi mbele ya mwalimu mkuu, mlango ukabishwa nyuma yake. Hodi. Macho yakatafuta pa kujificha. Hodi. Mwalimu alikuwa kwenye simu, hakusikia. Nyagoa alishika ukingo wa meza kwa nguvu, akageuza shingo, akasema, "Karibu."

Aliyeingia ni Nyamal, anamtafuta mama yake.

Basi Nyagoa akamgeukia mwalimu, akataja jina moja. Mimi nimelificha. Semeni ninyi, na wewe wa ukutani uanze: kama siku moja ungebishiwa mlango, ukatoka, usirudi, mwanao ungemwachia nani kati ya hawa watatu?